Liudas Narkunas na Mlango wa Mzinga

Ndugu, jamaa, majirani wa Mtaa wa 69, na nyinyi wazee wa kiwandani mliokuja na makoti ya harusi kwa sababu hamna mengine: poleni sana, na asanteni kwa kuikanyaga theluji yote hiyo mpaka hapa. Tunayemzika leo ni Liudas Narkunas, mchoraji wa mashine za gololi, zile za kioo na taa, unabonyeza vitufe viwili pembeni ili vikono viipige gololi ya chuma isikutumbukie shimoni. Wasifu unasomwa na mdogo wake, Kostas. Familia imemchagua kwa ajili ya sauti yake nzuri. Mjane hawezi na binti amekataa, hilo ni kweli, lakini sauti nayo ni nzuri.

Marehemu alimaliza mashine kumi na tisa. Ya ishirini ndiyo iliyomtesa mpaka mwisho. Nusu yenu mmekuwa mkimvuta Kostas pembeni tangu jana mkiuliza kama ilikwisha. Subirini, itafika zamu yake.

Liudas alizaliwa tarehe 3 Novemba 1945, kwenye kambi ya wakimbizi ya Hanau, Ujerumani, mtoto wa kwanza wa Adomas na Kazimiera Narkunas. Wazazi walikuwa wametoka Lithuania mwaka mmoja nyuma, kwa mkokoteni, na mama aliacha mizinga kumi na miwili ya nyuki. Maisha yake yote, ukimuuliza Mama Kazimiera vita vilimnyang'anya nini, hasemi nyumba wala shamba. Anasema nyuki. "Hatukuwaaga," anasema. "Kwetu nyuki wanaagwa. Sasa wale nani aliwaambia?" Familia ilifika Chicago Agosti 1949, Liudas akiwa na miaka mitatu na surua. Baba akapata kazi machinjioni. Mwaka 1951 akazaliwa Kostas, na hapo ndipo familia ikapata mtoto mwenye sura.

Alisoma shule ya parokia, kwa masista. Alipokuwa darasa la sita alichukua kibao cha mama cha kukandia unga, akapigilia misumari sitini na nane, akafunga mipira ya nguo za ndani kati ya msumari na msumari (za nani, mama hakuwahi kusema kwa sauti), akaanza kurushia gololi za kioo chini ya dawati. Sista Benedikta akamnyang'anya. Wiki moja baadaye Liudas akatumwa ofisini kuchukua chaki, akamkuta Sista amepiga magoti sakafuni, kibao kiko mbele yake. Sista hata hakugeuka.

"Narkunas, huu msumari wa kushoto uko karibu mno. Gololi inakwama."

Liudas akainama akaangalia. "Ni kweli, Sista."

"Sasa unasimama tu? Lete nyundo."

Alimaliza sekondari ya ufundi mwaka 1963, wa pili kwa uchoraji kati ya wanafunzi mia moja na arobaini. Kostas yeye aliacha shule darasa la tisa. Walimu walimsindikiza mpaka getini kuhakikisha.

Juni 1963 Liudas aliajiriwa kiwanda cha Halvorsen na Wanawe, upande wa magharibi wa jiji, kunoa penseli za wachoraji. Baada ya miaka sita akapewa mashine yake ya kwanza, "Farasi wa Sarakasi". Ilikuwa na njia moja ya kupanda, upande wa kulia, ngumu lakini tamu. Pale kiwandani kila mtu aliipiga. Mashine zikapakiwa, zikaenda Milwaukee, zikaenda St. Louis, na simu zikaanza. Wenye baa walikuwa wanatukana. Hakuna mteja hata mmoja aliyeweza kupandisha gololi ile. Siku mbili Liudas hakula. Siku ya tatu akaja kazini na pima maji, akailaza sakafuni. Sakafu ya chumba cha majaribio ilikuwa inainamia chooni. Njia ile ilipitika mahali pamoja tu duniani, mita nne kutoka mlango wa choo cha wanaume cha Halvorsen.

Wengine wangeona aibu wakaacha kazi. Yeye alitunga kanuni, na nyinyi wazee mnaijua, wengine imewauma. Aliyechora mashine ataipiga kila njia mara kumi mfululizo, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya shahidi, sakafu imepimwa. Ukihamisha kitu chochote kwenye ubao wa mchezo, hata upana wa unywele, unaanza upya. Ukimaliza njia zote, unaingia chini ya ubao na kuandika jina lako kwa penseli. Ubao usio na jina hauendi popote. Unavunjwa, vifaa vinarudi kabatini kwa ajili ya mwingine. Mzee Halvorsen aliipenda kanuni hiyo kwa sababu ilimwokolea matusi. Kwa miaka thelathini Liudas aliisimamia kama mlinzi wa benki. Kuna watu watatu wamekaa viti vya mbele hapa ambao aliwavunjia mbao zao wakiwa wanamwangalia. Wote watatu wamebeba jeneza leo asubuhi.

Mwaka 1970 alimwingiza Kostas kiwandani, idara ya nyaya. Fundi nyaya kazi yake yote iko chini ya ubao, mgongoni mwa mchezo, pale ambapo kushoto ni kulia na kulia ni kushoto. Wiki ya kwanza Kostas alilehemu mashine nzima kwa kufuata macho yake. Ukibonyeza kushoto, kikono cha kulia kinapiga. Liudas aliicheza dakika nzima, kisha akamwita.

"Dogo, hii umemtengenezea nani?"

"Kwani ina nini, kaka?"

"Haina kitu. Ila mteja itabidi aje na kioo cha kunyolea."

Baada ya hapo Kostas akawa fundi nyaya bora kuliko wote Chicago, na kama kuna anayebisha atakutana naye kwenye chakula. Lakini ukweli ni kwamba yeye mashine zile alizijua kwa chini. Kucheza hakuweza. Alisema anaweza, alisema sana, ila hakuweza.

Tarehe 12 Juni 1971 Liudas alifunga ndoa na Genė, binti aliyemkuta kwenye dansi la ukumbi wa parokia. Siku ya kwenda kujitambulisha, mama mkwe aliwakalisha, akawawekea kugelis ya moto, viazi na nyama vinachuruzika mafuta, akauliza kijana anafanya kazi gani. Miaka ile jiji hili lilikuwa linatengeneza mashine karibu zote za dunia, na limewakataza watu wake kuzicheza.

"Natengeneza mashine za mchezo, mama," Liudas akasema.

"Zinachezwa wapi?"

"Popote, mama. Isipokuwa hapa."

"Hapa zikionekana?"

"Polisi wanazivunja kwa nyundo."

Mama mkwe akamgeukia Kostas, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu na alikuwa kwenye sahani ya pili. "Huyu kaka yako anasema kweli?"

"Kweli tupu, mama. Ndiyo maana kazi haiishi."

Genė alicheka mpaka akatoka nje. Ndoa hiyo imekaa miaka arobaini na miwili na miezi saba. Mwaka 1974 wakapata binti yao, Daiva. Kati ya mashine kumi na tisa, wengi mtazikumbuka "Mwizi wa Saa", "Dada wa Mhunzi" na "Soko la Jumamosi". Hii ya mwisho jina lilitoka kwa Kostas. Liudas alikuwa anabisha, lakini leo hana nafasi ya kubisha.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1999. Liudas alirudi nyumbani, akawa anatengeneza kinanda cha kanisa na birika za majirani. Mwaka 2009 vijana waliokuwa chini yake zamani, sasa wazee nao, walifungua karakana ndogo nje ya jiji, wakamwomba mashine moja. Moja tu. Alikubali kabla hawajamaliza sentensi. Akaweka ubao wa plaiwudi mweupe kwenye chumba cha chini, akaiita "Mzinga". Ilikuwa ya nyuki wa mama. Njia saba, na ya saba ndiyo mlango wa mzinga wenyewe, mwembamba, uko juu kabisa, unaupiga kwa kikono cha kushoto. Gololi ikiingia, kipande cha mti kinagonga sanduku kutoka ndani, ko, moja tu, unaisikia mpaka kwenye mbavu. Kostas alifunga nyaya. Genė alikuwa shahidi, anafuma soksi na kuhesabu.

Kufika Oktoba 2011 njia sita zilikuwa tayari, kumi kumi, hazina neno. Ya saba, siku ya kwanza, alipiga nane mfululizo. Ya tisa ikagonga ukingo. "Kesho," akasema. Kesho yake akapiga tano. Keshokutwa tatu.

Liudas alifanya kile ambacho mchoraji yeyote wa mashine hizi angefanya. Alikagua ubao. Alipima sakafu. Alibadilisha mpira wa kikono. Akamwambia Kostas koili, ile sumaku ya umeme inayokirusha kikono, imechoka, Kostas akaweka mpya, Liudas akasema hiyo nayo imechoka, akawekewa ya tatu. Halafu akaanza kuuhamisha mlango. Upana wa ukucha huku, nusu ya ukucha kule, toboa tundu jipya, ziba la zamani kwa kijiti na gundi, piga msasa, anza upya kuhesabu. Mwanzoni aliandika kila badiliko kwenye daftari, umbali wake tu kutoka tundu lililotangulia. Baadaye hasira zikampanda akawa anatoboa kwa macho.

"Kaka, ubao hauna kitu," Kostas akamwambia. "Ni wewe umezeeka."

"Mimi mzee? Shika taa vizuri."

Alitoboa mara kumi na nne.

Usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka huo, mezani, vyakula kumi na viwili kama desturi, Liudas aliangusha uma. Akauokota, ukaanguka tena, ukaingia kwenye samaki wa jirani. Kostas alisimama akaita mpaka jikoni, "Genė! Mletee huyu kijiko cha mtoto na kitambaa cha shingoni!" Meza nzima ilicheka. Liudas naye alicheka. Kostas alirudia mzaha ule mara tatu usiku ule kwa sababu ulikuwa umefanya kazi. Angekuwa na namna ya kuurudisha mdomoni, angeurudisha na meno yake yote.

Machi 2012 Daiva na Genė walimpeleka Liudas kwa daktari, na Kostas akaendesha gari. Daktari alisema ni ugonjwa wa neva zinazoamrisha misuli. Unaanza na mkono, unaendelea mwili mzima, akili inabaki nzima inatazama. Dawa hakuna. Genė aliuliza kuhusu muda. Daiva aliuliza kuhusu vipimo vingine. Liudas aliuliza swali moja tu.

"Mkono wangu unachelewa kwa kiasi gani?"

"Unasemaje, bwana?"

"Nikiuamuru ubonyeze. Unachelewa kiasi gani? Nataka kipimo."

Daktari akasema hakuna kipimo cha namna hiyo. Wakati wa kurudi, karibu na nyumbani, gari lilisimama kwenye taa nyekundu ya mtaa wa Western. Hapo Liudas akasema, "Kostas. Ubao ulikuwa sawa."

"Kaka, achana na ubao."

"Ulikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye nimeuharibu."

Taa ikawa kijani na Kostas hakuondoa gari. Nyuma wakapiga honi.

Walijaribu kuurudisha mlango pale ulipokuwa mwanzo. Wakashindwa kujua ni wapi. Kulikuwa na matundu kumi na manne yamezibwa yamesuguliwa vizuri, maana Liudas hakuwahi kufanya kazi chafu hata akiwa na hasira, na daftari liliishia badiliko la sita. Alikaa juu ya kiti akautazama ubao kama mtu anayetafuta kaburi bila alama. Kisha akasema, "Basi. Tutaufuata mkono."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Mkono ukichelewa zaidi, Kostas anausogeza mlango pale ambapo gololi ya mkono uliochelewa inafika. Genė anaanza kuhesabu moja. Mkono unakaa siku nne, siku tano, unachelewa tena. Kostas anasogeza tena. Huko hospitali walikuwa wanauandika ugonjwa kwenye faili, na huku chini Kostas alikuwa anauandika kwa drili. Kitu Liudas alichotaka kilikuwa kidogo sana. Alitaka ugonjwa usimame mahali pamoja muda wa kupiga kumi.

Jumapili ya tarehe 20 Mei 2012, baada ya misa, alifika tisa. Ko, ko, ko, mpaka tisa. Genė alikuwa ameacha kufuma. Ya kumi ilipanda, ikagusa ukingo wa mlango, ikazunguka juu yake kama mtu anayepapasa funguo, ikarudi chini.

"Imeingia," Genė akasema.

"Haikuingia."

"Mimi ndiye shahidi. Nasema imeingia."

"Genė."

"Nani atajua, Liudas? Nani?"

"Mimi."

Genė akapanda juu, wakasikia anaosha vyombo visivyo vichafu. Wiki hiyo hiyo mkono ulishuka tena, na tisa hakuiona tena. Mwisho wa Agosti alikuwa na nguvu ya kufikia mbili. Kostas aliweka springi laini kwenye kitufe, akaweka laini zaidi, mwishoni akaitoa kabisa, kitufe kikawa kinabonyea hata kwa pumzi. Mkono ulikuwa umelala juu yake na haubonyezi.

Kostas akasema basi, atapiga yeye. Alisema mbele ya Genė, Daiva, na fundi bomba aliyekuja kwa shughuli nyingine, kwamba atamaliza kumi kabla kahawa haijapoa. Liudas akamwambia, "Jina silitaki tena, dogo. Mkono wako si mkono wangu, kanuni ni kanuni. Nataka kujua tu kama mlango unapitika, au nimewaachia watu ukuta." Akawa anamwita, "Sasa!" na Kostas anapiga. Gololi inapita pembeni. "Sasa!" Pembeni. Kahawa ilipoa, ikamwagwa, ikapikwa nyingine. Ilikuwa hivyo Septemba nzima na Oktoba nzima, na hakuingiza hata moja. Sauti ya Liudas nayo ikaanza kupotea, "sasa" ikawa inatoka baada ya gololi kutumbukia.

"Mimi ndiye sijui kucheza," Kostas akamwambia. Hilo neno hakuwahi kulisema tangu azaliwe. "Mlango uko sawa, kaka. Nakuapia."

Liudas alimtazama tu. Alikuwa anamjua mdogo wake, na anajua kwamba huwa anaapa.

Mwaka 2013 wote alikuwa kitandani, sebuleni, karibu na dirisha. Alikuwa anaongea kwa macho, Daiva anapitisha kidole kwenye kibao cha herufi, baba anapepesa. Maneno mengi yalikuwa ya nyumbani: dirisha, maji, mwambie Kostas anyamaze. Mwezi wa kumi alitumia mchana mzima kwa sentensi moja. Daiva aliisoma kwa sauti: "Nikifa ubao hauna jina. Uvunjwe." Genė akasema hapana. Kostas akasema hapana. Liudas akafumba macho, na mtu anayeongea kwa macho akishafumba, mazungumzo yamekwisha.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2014, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani, Genė akiwa amemshika mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka sitini na minane. Alikufa hajui kama mlango unapitika.

Sasa jibu la wale waliokuwa wanauliza. Juzi, Jumatano mchana, Kostas alishuka chini na Daiva, na chuma cha kulehemu na koleo. Kabla ya kukata waya wa kwanza aliwasha mashine, akapiga gololi chache, kwa heshima tu. Pembeni, pembeni, pembeni. Daiva alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake.

"Ba'mdogo," akasema, "unawahi."

"Nawahi nini? Napiga pale pale panapotakiwa."

"Panapotakiwa na wewe. Mlango mara ya mwisho uliusogeza lini?"

"Agosti ile."

"Kwa mkono wa nani?"

Kostas alisimama na gololi imelala kwenye kikono. Alikuwa amesimama pembeni ya mkono wa kaka yake miezi mitano. Aliujua kuliko wake. Aliujua jinsi ulivyokuwa unaambiwa, halafu unakaa, halafu ndiyo unasikia. Akaiachia gololi ishuke. Pale ambapo mkono wake ulitaka kubonyeza, akauzuia. Akausubiri ule mwingine. Akabonyeza.

Ko.

Juu bomba la jikoni likafungwa. Hatua zikaja ngazini haraka kuliko mtu wa umri ule anavyotakiwa kushuka, na Genė akatokea na mikono inachuruzika povu.

"Nani amepiga?"

"Mimi, shemeji."

Akamtazama Daiva, Daiva akaitikia kwa kichwa. Genė akakaa kwenye ngazi, pale pale, akafuta mikono kwenye sketi nyeusi. "Piga tena."

Kostas akachelewa tena, akapiga. Ko.

"Ulikuwa unapitika," Genė akasema.

"Ulikuwa unapitika, shemeji. Muda wote. Aliuweka sawasawa."

"Na hajui." Akalirudia, polepole, kama anamuuliza mtu wa kumjibu. "Yeye hajui, Kostas."

Kostas alikaa kwenye ngazi chini ya Genė. Walikaa hivyo mpaka povu la kwenye sketi likakauka. Daiva ndiye aliyesema waache tu, wasivunje, na Genė akatikisa kichwa. "Alichosema amesema," akasema. "Wengine aliwavunjia."

Kazi ilichukua mchana wote. Nyaya mia mbili na kumi na moja, Kostas alizifunga mwenyewe na amezifungua mwenyewe, moja moja, hakukata hata moja kwa hasira. Koili tatu, vikono viwili, kipande cha mti cha kugongea: vyote viko kwenye sanduku mlangoni pa ukumbi, na nyinyi wa karakana mtaondoka navyo leo. Ubao umebaki plaiwudi yenye matundu. Chini yake hakuna jina. Kostas alikuwa na penseli sikioni tangu asubuhi hadi jioni, kama kawaida ya fundi, na akatoka nayo sikioni.

Marehemu ameacha mjane, Genė. Binti, Daiva, na mkwe, Tomas. Wajukuu wawili, Lina na Markus. Na mdogo wake, Kostas, aliyejifunza kucheza akiwa na miaka sitini na miwili, siku tatu baada ya kufa kwa yule aliyekuwa anataka kumwona akicheza. Baada ya maziko karibuni ukumbini, kugelis ipo ya kutosha. Akina mama wa parokia wanaomba vyombo virudishwe.

Mungu ampokee Liudas Narkunas. Ampumzishe mkono wa kushoto kwanza, kisha yeye mzima. Na kama huko kuna mtu wa kumwambia, tafadhali amwambie.